Bi Nukta na Posho ya Mbwa

Wanafunzi wake wa sekondari ndio waliompa jina la Bi Nukta, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza asiyesamehe. Ukisahau nukta mwisho wa sentensi, nusu alama imekwenda. Ukisahau mbili, unaitwa mbele. Hata kadi za harusi alizisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kwa hiyo alipopata kazi ya kufundisha Kiingereza nchi ya mbali, katika shule binafsi ya lugha, ukoo mzima uliamini kwamba watakaokiona cha moto ni wa huko, si yeye.

Siku aliyofika, alikuwa amesafiri siku mbili mfululizo. Miguu ilikuwa imevimba, na sanduku lake moja halikujulikana limeshukia wapi. Mkurugenzi wa shule, mtu mnene mwenye sauti laini na bakuli la biskuti mezani, alimkaribisha kiti, akamsogezea kalamu na mkataba. Mkataba ulikuwa wa lugha mbili. Sehemu ya Kiingereza ilikuwa nusu ukurasa: mshahara, saa ishirini kwa wiki, chumba cha kulala ghorofani. Sehemu ya lugha ya nchi ile ilikuwa kurasa nne.

"Mbona hii ndefu hivi?" aliuliza Bi Nukta.

"Lugha yetu ina maneno marefu," alisema Mkurugenzi. "Chukua biskuti."

Bi Nukta akachukua biskuti, akasaini. Mstari wa mwisho wa ile nusu ukurasa aliuona, akaupita tu: pakitokea kutofautiana, itafuatwa nakala ya lugha ya hapa.

Mshahara wa kwanza ulikuja umepungua theluthi nzima. Mhasibu wa shule, mama mpole aliyezoea kuongea huku akitazama dirishani, alimkabidhi karatasi ya makato. Kulikuwa na makato ya kiti. Kulikuwa na makato ya chaki, ilhali shule nzima ilitumia ubao mweupe na kalamu za wino. Kulikuwa na "amana ya uaminifu", ambayo angerudishiwa mwisho wa mwaka akionekana mwaminifu. Na zile saa ishirini, lo! Kipindi kilikuwa dakika arobaini na tano, lakini Mkurugenzi alihesabu dakika sitini kamili, kwa hiyo ilibidi Bi Nukta afundishe vipindi ishirini na saba ndipo aambiwe amefikisha saa ishirini. Kusahihisha madaftari hakukuhesabiwa. Kuandaa masomo hakukuhesabiwa. Kusimama langoni Ijumaa jioni akigawa vipeperushi ndani ya vazi la sponji lenye umbo la herufi A, hilo Mkurugenzi aliliita burudani.

Burudani gani? Vazi lile halikumruhusu mtu kukaa wala kujikuna. Ijumaa moja upepo ulimsukuma hadi katikati ya barabara, teksi ikafunga breki puani pake. Dereva akateremsha kioo, akaitazama ile herufi toka juu hadi chini, akapandisha kioo na kwenda zake.

Kila alipokwenda kulalamika, jibu lilikuwa lile lile.

"Soma mkataba, Mwalimu."

"Nimeusoma."

"Nakala ya lugha yetu ndiyo inayofuatwa. Chukua biskuti."

Akaacha kula biskuti. Badala yake akawa anaandika kwenye daftari tarehe, saa na maneno aliyoambiwa. Mwezi wa tatu ulipoanza, jibu hilo alikuwa ameliandika mara saba. Walimu wenzake wa pale, waliojua kusoma lugha ile, walipoombwa msaada waligeuka mabubu. Kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani na hakutaka kumwaga unga.

Kilichomuuma zaidi ya pesa ni aibu. Ndiyo maana kwa wiki nyingi alimficha hata Mama Mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Lakini Mama Mdogo hafichwi kitu.

"Shikamoo, Mama," alisema Bi Nukta kwenye simu Jumapili moja.

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako imekonda?"

"Ni simu tu hiyo."

"Simu haikondi. Wamekufanya nini?"

Akamweleza yote. Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Ngoja nielewe," alisema Mama Mdogo. "Wewe, uliyemrudishia binamu yako kadi ya harusi kwa sababu ya mkato mmoja—"

"Miwili, Mama."

"—wewe ndiye uliyesaini kurasa nne hujui zinasema nini?"

"Ndiyo."

"Kwa biskuti?"

"Nilikuwa na njaa."

"Haya. Yameshatokea. Sasa acha kuona haya, tafuta mtu akusomee hiyo karatasi. Huko kote hakuna mtu anayejua kusoma?"

Walikuwepo, tena aliwafundisha mwenyewe kila Jumamosi asubuhi: darasa dogo la watu wazima watatu. Kulikuwa na daktari wa meno, kijana mwenye miwani na kicheko cha karibu. Kulikuwa na msusi, mwanamke mchangamfu ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzake kwa sababu hakuogopa kukosea. Na kulikuwa na mzee mstaafu, karani wa mahakama kwa miaka thelathini, aliyekuja kila wiki na tai shingoni.

Jumamosi iliyofuata, somo la kitabuni lilikuwa "Kulalamika kwa Adabu". Zoezi lilihusu mtu aliyeletewa supu ya baridi hotelini. Bi Nukta akafunga kitabu.

"Leo supu tuiache," alisema. Akatoa mkataba wake, akaweka ukurasa mmoja mmoja mbele ya kila mwanafunzi, na wa nne akampa mzee kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuanza. "Mtatafsiri kwa Kiingereza. Makosa ya sarufi nitayasamehe."

Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo. Wakainama.

Dakika kumi zikapita. Msusi ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Mwalimu, samahani. Una filimbi?"

"Filimbi ya nini?"

"Hapa inasema mfanyakazi atazunguka ukuta kila baada ya saa moja na kupuliza filimbi."

"Rudia kusoma."

"Nimerudia mara tatu."

Daktari wa meno alikuwa amekwishaanza kutikisika mabega. "Mimi hapa," alisema kwa shida, "mimi hapa nasoma kwamba mfanyakazi atapewa mbwa mmoja mwenye afya njema… na posho ya chakula chake… na mbwa akizeeka…" Hakumaliza. Alivua miwani, akajifuta machozi kwa kona ya daftari.

Mzee wa mahakama peke yake hakucheka. Alikusanya kurasa zote nne, akazisoma toka mwanzo hadi mwisho, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Kisha akakaza tai.

"Huu ni mkataba wa mlinzi wa ghala," alisema. "Wamebadilisha kichwa chake tu."

Bi Nukta alishika meza. Miezi mitatu amekuwa mlinzi bila kujua! Hakujua acheke au alie, akajikuta anafanya yote mawili, na msusi akampa leso.

"Usilie, Mwalimu," alisema mzee. "Mkataba huu ni mzuri sana. Sikiliza. Saa ya kazi inahesabiwa tangu mfanyakazi anapoingia langoni mpaka anapotoka. Kazi baada ya jua kuzama hulipwa mara mbili. Na hiki kifungu cha tisa ndicho kitamu: mshahara hautakatwa kwa sababu yoyote ile, isipokuwa mfanyakazi akipoteza tochi."

"Sijawahi kupewa tochi."

"Basi hujaipoteza."

Jumatatu asubuhi Bi Nukta aligonga mlango wa Mkurugenzi. Bakuli lilisogezwa. Hakuligusa.

"Nimekuja kuhusu mbwa," alisema.

"Mbwa gani?"

"Wangu. Wa kifungu cha sita. Nadai posho yake ya miezi mitatu, pamoja na buti za mvua, filimbi, malipo ya kila jioni mara mbili, na makato yangu yote. Tochi sijapoteza."

Mkurugenzi alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akavuta faili, akafungua nakala ya lugha yake mwenyewe, akasoma. Rangi ilimpanda kuanzia kwenye ukosi wa shati, taratibu, mpaka kwenye masikio. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuwahi kuzisoma kurasa zile hata siku moja.

"Haya ni makosa ya uchapaji," alisema.

"Kurasa nne?"

"Wewe ni mwalimu! Kila mtu anajua wewe ni mwalimu!"

"Nakala ya lugha yenu ndiyo inayofuatwa," alisema Bi Nukta. "Umeniambia mara saba. Nina tarehe."

"Nenda unakotaka!"

Akaenda ofisi ya kazi ya wilaya. Mzee wa mahakama alimwandikia madai kwa mwandiko uliosimama kama askari, na msusi akafunga saluni yake nusu siku ili awe mkalimani. Walikaa kwenye benchi la mbao ukumbini na mkoba wa makaratasi. Hapo ndipo Bi Nukta alipoingiwa na woga. Kama wangemfukuza je? Chumba kilikuwa cha shule, tiketi ya kurudi ilikuwa ya shule. Msusi akaanza kumsuka nywele za mbele bila kuulizwa, na mpaka walipoitwa alikuwa na mistari minne upande mmoja tu.

Afisa wa kazi alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mhuri mkubwa na uso usiotoa siri. Mkurugenzi alikuwa amekwishakaa, anajipepea kwa faili. Afisa alisoma mkataba wote kwa sauti. Alipofika kwenye mbwa aliyezeeka alisimama kidogo, akanywa maji, akaendelea.

"Bwana Mkurugenzi," alisema alipomaliza, "mfanyakazi huyu alipewa mbwa?"

"Mheshimiwa, huyu anafundisha Kiingereza."

"Nimeuliza kuhusu mbwa."

"Hapana. Hakupewa."

"Filimbi?"

"Hapana."

"Alizunguka ukuta?"

Bi Nukta aliponong'onezewa swali hilo, aliinua mkono. "Mheshimiwa, kila Ijumaa nilisimama langoni jioni. Nikiwa nimevaa herufi."

Msusi alitafsiri. Afisa akauliza herufi gani. Akajibiwa. Akaandika.

"Mkataba wake wa ualimu uko wapi?" afisa alimgeukia tena Mkurugenzi.

Mkurugenzi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mkataba ule aliupata kwa shemeji yake mwenye maghala, kwa kuwa wakili alitaka pesa nyingi.

Uamuzi ulitoka siku ile ile. Makato yote yarudishwe, amana ikiwemo. Saa zihesabiwe toka langoni hadi langoni, na za jioni mara mbili, kama mkataba unavyosema. Posho ya mbwa ilikataliwa, kwa kuwa hakuna mbwa aliyelala njaa. Buti za mvua zilikubaliwa. Mhuri ukagonga, na mzee wa mahakama, aliyekuwa amekaa nyuma, alifumba macho kama mtu aliyesikia wimbo wa ujana wake.

Nje ukumbini Mkurugenzi alimngoja Bi Nukta. Hakuwa na hasira, alionekana amechoka.

"Walimu wangu wengine wanane nao walisaini mkataba huo huo bila kuusoma," alisema.

"Najua."

"Wakisikia nitafunga shule."

"Wameshasikia," alisema Bi Nukta. "Mhasibu ndiye wa kwanza kuja kuniuliza. Lakini hawataki mbwa. Wanataka mkataba wa kweli, na walipwe kwa saa wanazofanya."

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Utanisaidia kuuandika?"

Bi Nukta bado alikuwa na kinyongo naye, na alikuwa na haki. Lakini pia aliona jinsi alivyolishika lile faili, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa na mwalimu mkuu.

"Nitakusaidia," alisema. "Kwa malipo ya saa. Na mzee wa mahakama atakaa mezani, naye alipwe."

Wakaandika siku tatu. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu kwa kila lugha, urefu sawa. Walimu wote tisa walikaa darasani na kuusoma kwa sauti kabla ya kusaini, na mwalimu mmoja wa darasa la wanaoanza alibishana juu ya neno "kipindi" kwa saa nzima mpaka likaandikwa kwa dakika.

Bi Nukta alikaa hadi mwisho wa mwaka, akasaini kwa mwaka mwingine. Darasa la Jumamosi lilifika watu kumi na wanne, maana msusi aliwaambia wateja wake wote kwamba kuna mwalimu anayefundisha kulalamika. Mwezi ule ule wa kwanza wa pesa kamili alituma nyumbani fedha za cherehani mpya ya umeme, na Mama Mdogo akapiga simu saa hiyo hiyo, akipaza sauti kuishinda mashine.

"Imefika!" alipiga kelele. "Inakimbia hii, mwanangu! Imeshona sketi na kitambaa cha meza pamoja!"

"Umesoma maelekezo lakini, Mama?"

"Maelekezo gani?"