Matanga ya Bonaventura Aliye Hai

Bonaventura wa Kwamndolwa hakujua kuogelea, na hilo hakumwambia mtu. Alichotangaza katika soko zima la Manundu ni kwamba Jumamosi yeye na rafiki yake Raymond wangeteremka Mto Luengera kwa boti ya mpira, toka milimani mpaka darajani, wakipiga makasia katikati ya maporomoko. Na mvua ilikuwa inanyesha huko juu wiki nzima, maji mekundu yananguruma. Ah, mdomo nao!

Ijumaa walikaa barazani kwake kupanga safari. Raymond alichora mto mchangani kwa kijiti. "Hapa kuna majabali, tunapita kushoto. Hapa maji yanazunguka. Ukianguka, ogelea kwa nguvu uelekee ukingoni."

"Naam, kwa nguvu," Bonaventura aliitikia. Angeanzaje kusema leo, wakati hata wauza nyanya walishamwita Nahodha?

Mara kilio kikasikika njiani. Ni Mwaija, jirani yake, kajifunga khanga kiunoni, kashika shuka jeupe. Yeye Mzigua, Bonaventura Mnyamwezi wa ukoo ulioletwa na kazi ya mashamba ya mkonge. Watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi wala hanyimwi kitu.

"Uwiii, mtani wangu! Mdomo wote ule unakwenda kuliwa na kambare!" Mwaija alijitupa chini, akainuka, akamwekea Bonaventura shuka begani. "Raymond, shika huko tumpime sanda. Lo, fupi! Basi miguu ataikunja."

Majirani walijaa, wakacheka hadi machozi. Bonaventura naye alicheka, huku akilishusha shuka begani.

"Sasa nadai changu," Mwaija alisema. "Lete makasia yote mawili. Moja la kusongea ugali wa matanga yako, moja la kuchochea maharage."

"Chukua, mchawi wewe! Umetuvunjia safari!" Bonaventura alifoka, huku akimkabidhi haraka mno. Raymond alibaki kushika mbavu. Mtani kashachukua, nani angedai?

Watu walipotawanyika, Bonaventura alimfuata Mwaija hadi uani kwake, ambako sufuria la ugali lilikuwa motoni. "Umejuaje?"

"Tangu utoto unaoga mtoni kwa kopo, umesimama ukingoni, nisijue?" Mwaija alikuwa anakunja shuka, na sasa hakucheka. "Kaka yangu Awadhi naye alikuwa hivyohivyo, na aliona aibu kusema. Yeye nilimlilia alipokwisha kutolewa majini. Wewe nimeona nikulilie mapema."

Bonaventura alishika ncha ya pili ya shuka, akamsaidia kukunja.

Mwaija alimsukumia kasia. "Haya, maji yamechemka. Songa, marehemu, wafiwa wana njaa."