Safari ya Mwisho ya Kiberenge

Kambi ya Mkaa ulikuwa mji kwa kauli ya wakazi wake wenyewe. Chini ya Mlima Meru, ulijaliwa stesheni ya mabati, kanisa la Kilutheri, baa mbili na magunia ya mkaa yaliyosubiri treni ya Arusha. Likaja soko huria, yakaja malori, treni ikakoma. Baa moja ikafungwa, nao ukawa msiba wa kwanza.

Wa pili ulikuwa wa Mzee Ephraimu, mnyapara wa genge la reli. Treni ilipokoma aliendelea kupanga kokoto za tuta kila asubuhi, kama anayemngoja mkaguzi. Masika yalipoanza, akafa.

Kwa desturi ya Kambi, mtu wa reli haendi kaburini kwa gari. Husukumwa juu ya kiberenge, kigari cha mafundi wa njia, hadi makaburini ng'ambo ya korongo.

"Mama, tukodi pikapu," alisihi Bariki, mzaliwa wake wa kwanza. "Reli imechakaa."

"Baba yako apande pikapu kama mbuzi wa mnadani?" akafoka Mama Tabitha. "Sukuma!"

Bariki akasukuma. Ni yeye tu aliyejua kwamba karibu na korongo hapakuwa na reli. Aliikata mwenyewe, akamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Daraja Mbili, akapata nyama choma na jaketi la ngozi alilovaa siku hiyo mazikoni. Nyasi, zenye huruma kuliko yeye, zilikuwa zimeota na kufunika aibu.

Kiberenge kikashika mteremko. Waombolezaji waliimba, jeneza likitetemeka. Bariki aliomba mwingine aone. Hakuna aliyeona.

"Breki!" akapiga kelele. "Meitamei, funga breki!"

Meitamei, kijana aliyepanda kushika breki, akavuta. Magurudumu yakalia, wimbo ukakatika. Mbele palikuwa na nyasi tu. Akashuka, akazipekua kwa fimbo.

"Reli imekatwa! Kaka, una macho ya mwewe. Umeonaje?"

Mama Tabitha hakuitazama reli. Alimtazama mwanawe, kisha jaketi.

Wanaume wakainua jeneza. Bariki akaenda upande wa kichwa, mahali pa mzaliwa wa kwanza.

"Toka hapo," mama akasema taratibu. "Wewe baki na vyuma vyako."

Wakashuka korongoni bila yeye. Akabaki kwenye mvua, amekishikilia kiberenge kisiteleze.