Waya wa Kijani Wenye Moto

Katika karakana ya umeme ya chuo, Kinyonga hakuwa na rafiki hata wa kumwazima bisibisi. Jina hilo darasa lilimpa siku ilipogundulika kwamba kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja, vyote rangi ya chai ya bweni. Walicheka kipindi kizima, na mwalimu wao, ambaye walimwita Shoti akiwa hayupo, akawasaidia kucheka.

Shoti alikwisha kuapa kwamba asiyeona rangi hatakuwa fundi umeme mikononi mwake. Ijumaa hiyo angempa Kinyonga jaribio mbele ya wote: aunge taa kwenye ubao. Akishindwa, Jumatatu anahamia kwa waashi akachanganye zege, ambalo kwa rehema za Mungu lina rangi moja.

Kuutayarisha ubao alipewa Kiranja wa darasa, kijana mwenye kola iliyonyooka na roho iliyojikunja. Ndani ya bomba la kupitishia nyaya akazibadilisha: moto akaupitisha kwenye waya wa kijani, ambao kila fundi anajua ni wa ardhi, usiotakiwa kuwa na umeme, na ardhi akaipa mwekundu. Kisha akawanong'oneza wenzake kwamba Kinyonga atalipuka kama bisi. Wakajipanga mbele kama wageni wa heshima.

Kinyonga alipofika mezani hakujisumbua na rangi. Yeye kila waya huupima mwanzo hadi mwisho kwa mita aliyopewa na mjomba wake. Ikilia, waya ni ule ule, hata uwe na madoadoa. Akaitoa mfukoni.

"Weka chini," Shoti akasema. "Fundi ana macho."

"Bila mita sigusi, mwalimu."

"Basi kaguse mchanga."

Akamsukuma kando kwa kiwiko, akakunja mikono ya shati na kuunga mwenyewe, huku akilihubiria darasa juu ya neema ya kuona. Mwekundu kwenye swichi, wa kijani kwenye boksi la chuma. Nyuma yake Kiranja alibadilika rangi, jambo ambalo hata Kinyonga aliliona. Shoti akawasha.

Kishindo. Cheche zikaruka, feni zikafa, na nusu ya masharubu ya mwalimu ikaondoka bila kuaga.

Shoti akauliza nani mwingine kaugusa ubao baada ya Kiranja. Kiranja ndiye aliyewahi kunyoosha kidole: Kinyonga alionekana humu asubuhi, na hayo ndiyo matokeo ya kumwachia kipofu waya. Wenzake wakaitikia kama kwaya. Shoti akamkaba Kinyonga kola.

"Mwalimu," Kinyonga akasema taratibu, "ili nibadilishe nyekundu na kijani, si lazima kwanza nijue ipi ni ipi?"

Mkono ukalegea. Kinyonga akazipima nyaya moja moja kutoka kwenye fyuzi, mpaka mita ikalia.

"Huu ndio wenye moto. Rangi niambieni nyie."

Ulikuwa wa kijani. Shoti akaenda kuikaba kola ya pili, ile iliyonyooka, na Jumatatu waashi wakampata mwanafunzi wao.

Samahani Shoti hakuomba. Alisema tu kwamba Kinyonga atabaki, kwamba bado hampendi, na kwamba kuanzia sasa hagusi mtu ubao bila kupima. Mita ya chuo ilikwisha kufa zamani. Macho yote yakageukia mfuko mmoja, na mtu akasikika akisema "ndugu yangu" kwa sauti ya asali.

Kinyonga akafunga zipu.