Kivuli cha Nyumba Kubwa

Yangdol alikuwa ameshajenga nyumba za jua kumi na saba katika vijiji vya milima ya Ladakh kabla hajamjengea baba yake, na hakuna hata moja kati ya hizo aliyoipima kwa hofu kama hii. Daktari kule mjini Leh alikuwa amesema maneno machache tu. Mapafu ya mzee hayakuwa tena na nafasi ya moshi. Miaka sabini ya kuota jiko la mavi makavu ya ng'ombe ilikuwa imeyala. Akipata kipupwe kimoja bila moshi, huenda akakiona na cha pili. Asipopata, daktari aliinua mabega na kufunga faili.

Sasa moshi utauachaje mahali ambapo maji huganda ndooni kando ya kitanda? Kwa jua, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Yangdol. Ukuta wa kusini unaupaka rangi nyeusi, mbele yake unasimamisha kioo. Mchana ukuta unakunywa joto, usiku unalitoa ndani. Kuta nyingine ni za matofali ya udongo, safu mbili, na katikati umeshindilia majani makavu na vumbi la mbao hadi upepo ukose pa kupenyeza kidole. Hakuna jiko wala bomba la moshi. Wajenzi wa saruji walimcheka kila kiangazi, na kila Januari aliwacheka yeye.

Mahali pa kujenga hapakuwa na mjadala. Mzee Tundup alikuwa ameshamkabidhi mwanawe mkubwa, Skarma, nyumba kubwa na mashamba ya shayiri, kama kila mzazi wa huko afanyavyo mtoto wa kwanza akishaoa na kuzaa. Mzazi akitoa ufunguo huhamia nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa, na tangu siku hiyo hana amri hata juu ya punda. Nyuma ni kaskazini, na kaskazini ndiko kivuli kinakolala.

Kwa hiyo, siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka, Yangdol na baba yake walisimama uani adhuhuri wakakitazama kivuli cha nyumba kubwa kilipoishia. Mzee aliinama, akaweka hapo jiwe jeupe. Majira ya kuchipua yalipofika, Yangdol alianza msingi hatua tatu nyuma ya jiwe.

Kitu kimoja hakukiuliza: kama nyumba kubwa itabaki na urefu uleule. Nani angeuliza? Juu yake kabisa kulikuwa na chumba cha miungu, na hakuna mtu wa nchi ile anayejenga sakafu ya watu kutembea juu ya vichwa vya miungu. Kwa Yangdol, chumba kile ndicho kilikuwa mwisho wa nyumba. Mwanamke aliyejua hesabu zote za jua aliiachia desturi hesabu moja tu, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Nyumba ndogo ilikamilika Julai. Agosti likaingia lori la saruji.

"Acho, hii ya nini?" alimuuliza kaka yake.

"Ghorofa ya wageni, nomo," alimjibu mdogo wake. "Vyumba vinne, kila kimoja na bafu lake."

"Unajenga wapi?"

"Juu, wapi tena? Chini kuna ng'ombe."

"Juu kuna miungu."

"Nimemuuliza mtawa. Amesema ihamie juu zaidi, hakuna ubaya. Itapanda ngazi kama wageni wengine, tofauti ni kwamba haitaomba maji ya moto." Skarma akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hata ukimkasirikia kilikuvuta.

Yangdol alimshika mkono, akampeleka kwenye jiwe jeupe, akamweleza. Skarma alilitazama jiwe, akaitazama nyumba ndogo, akajikuna kichwa.

"Hili sikuliwaza," alisema. "Lakini nifanyeje? Watalii hawataki udongo uwadondokee kikombeni. Wanangu wako shule. Unataka nilime shayiri mpaka niote nundu?"

"Jenga pembeni."

"Pembeni ni shamba. Nikilifunika kwa saruji tutakula nini, picha za wageni? Sikia, nitamnunulia mzee wetu, Aba-le, hita ya umeme."

"Umeme upi? Huu unaokuja jioni kunywa chai kisha unaaga?"

Yangdol aliumia zaidi kwa sababu kaka yake hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, angalau Yangdol angepata wa kumchukia.

Alikwenda kwa mkuu wa kijiji, mzee mpole aliyempa chai ya siagi kabla ya kumsikiliza, na aliyemsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, wewe umeolewa kijiji kingine," alisema. "Hapa huna ua. Anayezibiwa jua ni Tundup. Aje aseme yeye, na kesho nasimamisha kazi."

Yangdol alirudi mbio. Mzee alikuwa ameketi nyuma ya kioo chake kipya, shati limefunguliwa kifua, analifurahia joto.

"Aba-le, neno moja tu. Waambie hutaki."

"Nyumba nilimpa Skarma?"

"Ulimpa."

"Mbele ya mkuu wa kijiji?"

"Ndiyo."

"Basi na kivuli chake nilimpa. Sikumwambia chukua nyumba, kivuli niachie."

"Utakufa, Aba-le."

"Kwani nilikuwa na mpango mwingine?" Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Usinifanye niwe mtu anayetoa kitu halafu anakizunguka kukidai. Neno langu ndilo pekee nililobaki nalo."

Yangdol alilia mbele yake bila kujificha. Hakuwa na jingine la kufanya, na mzee alijua hivyo, ndiyo maana alimwacha alie.

Oktoba ghorofa ilikwisha, na siku ya kuihamisha miungu mzee Tundup alisema sanamu ataibeba mwenyewe. Ngazi zilikuwa thelathini na moja. Kila baada ya tano alisimama akakohoa, sanamu ameikumbatia, na kila Yangdol aliponyoosha mikono alimkataa kwa macho. Aliposhuka alikuwa amechangamka.

"Kule juu," alisema, "kuna jua zuri sana."

Desemba kivuli kililivuka jiwe jeupe kana kwamba halipo. Adhuhuri kilikuwa kimekifunika kioo chote. Jua lilichungulia kwenye kona ya nyumba kubwa saa nane na nusu, na saa tisa na dakika tano lilizama nyuma ya mlima. Mzee aliuhamisha mto wake kulifuata, akakaa juani kwa utulivu, na lilipoondoka alibaki amekaa palepale.

Yangdol alijaribu kila alichokijua. Alisimamisha vioo juu ya paa vilirudishe jua chini, upepo ukavivunja usiku wa pili. Akajaza chupa za maji ya moto. Akamsihi baba yake ahamie kwake, naye akasema hafii kwa mkwe. Vyumba vipya vya Skarma vilikuwa baridi kuliko nje, maana saruji haina huruma, na chumba pekee chenye joto katika nyumba kubwa kilikuwa jiko lenye moshi uleule.

Siku ya tatu ya mwaka mpya Skarma alikuja kumsalimu baba, kitambaa cheupe cha heshima mikononi na jiko jipya la chuma mgongoni. Alimvika mzee kitambaa, akaliweka jiko chini, kisha akasimama kama mtu aliyeletwa mbele ya hakimu.

"Aba-le ndiye aliyeniagiza," alimwambia dada yake kwa sauti ndogo.

Yangdol alimgeukia baba yake.

"Siku tatu sijalala," mzee alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Toboa ukuta, mwanangu, bomba lipite. Wewe ndiye unayejua nguzo zilipo."

Yangdol alichukua nyundo na patasi. Udongo wa ukuta wake ulikuwa mgumu, ulimchukua karibu saa nzima, na ulipoachia, majani yalimwagikia miguuni pake, yananukia shamba la wakati wa mavuno. Mzee aliokota machache, akayasugua kwa vidole.

"Makavu kabisa," alisema. "Ulijenga vizuri."

Skarma alipitisha bomba. Yangdol alipanga mavi makavu, akawasha. Chumba kilikuwa kimezibwa vizuri kiasi kwamba moto ulikosa hewa, na moshi ukarudi ndani. Ilibidi waufungue mlango, na baridi ikaingia. Mzee Tundup alisogea karibu, akanyoosha mikono motoni, akaanza kukohoa. Yangdol alingoja kikohozi kipite. Hakikupita, na mikono ya baba yake ilikuwa bado inatetemeka kwa baridi, kwa hiyo akaongeza mavi makavu.