Nyaya za Baba

Swichi kuu ilijikata tena nikiwa na sabuni usoni. Nilitoka bafuni nikipapasa ukuta, nikaipandisha, na kabla sijarudi kwenye maji ikajikata mara nyingine. Siku ya tisa hiyo. Kila tukiwasha hita ya maji, umeme hukatika nyumba nzima.

Nyaya za nyumba hii alizivuta baba yangu, aliyekuwa fundi umeme kwa miaka arobaini, na hii ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Wakati ule mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka, nami nikajifanya sioni. Sasa nilikuwa nawaogesha wanangu kwa maji ya birika, nikijiuliza: kama Baba alikosea humu ukutani, nani angethubutu kumwambia? Nikamwita fundi mwingine kimyakimya, mama mmoja mwenye maneno machache.

Kimyakimya gani! Mume wangu, ambaye siri humuwasha ulimi, alikuwa akimweleza mkwewe kila kitu tangu siku ya kwanza. Fundi hajafungua hata begi, Baba huyo mlangoni, shati amelifunga vifungo kombo.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba. Endelea na kazi, mwanangu. Ukiona kosa langu, liseme hapahapa. Usimfiche binti yangu."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Fundi alizifungua nyaya za hita, akapandisha swichi. Ikatulia. Akapima nyaya za ukutani kwa mita yake, mmoja mmoja, taratibu mpaka nikatamani kumtikisa. Mwishowe akamwaga maji ya tangi, akaichomoa koili ya kuchemshia, akatuonyesha. Ilikuwa imepasuka, imeganda chokaa tupu.

"Umeme unavujia hapa, unaingia kwenye maji. Swichi imewaokoa. Nyaya ziko sawa, mzee. Kazi safi kabisa."

Nilifurahi, tena nikaona haya.

"Ulinitilia shaka?" Baba akaniuliza.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Hata mimi," alisema. "Siku tisa sijapata usingizi."

Koili mpya ilipofungwa, na maji yakapata moto bila umeme kukatika, wanangu waligombania kuoga. Baba akawazuia, akavua viatu mlangoni pa bafu.

"Nyinyi subirini," alisema. "Mimi kwanza. Binti, nipe taulo."