Sahani ya Rehani

Mimi si mtu wa kutulia kitako, na habari niliyokuwa nayo ilinizidishia kiherehere. Mbaruku, mpagazi aliyerudi Bagamoyo na msafara wa Tabora, aliniambia kwamba mume wangu Rehani wamemzika njiani, Mpwapwa. Siku ile ile nikafunga safari kwenda Mkange kwa mavyaa wangu, Mwanahija, nimwambie kwa kinywa changu kabla hajasikia kwa watu.

Nilimkuta shambani na binti yake, Dija. Mpunga umeiva na ndege wametanda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na papo hapo akanipa kombeo nipande dunguni, kwenye jukwaa la miti, nikafukuze ndege. Nikapanda. Nilivurumisha mawe na kupiga kelele hadi sauti ikanikauka. Kila niliposhuka nikaseme, niliishia kuokota mawe mengine, nikapanda tena. Nilijichukia. Dija akanitania kwamba mke wa mjini kalipenda shamba.

Nilimuuliza kwa ukali mbona hawavuni. Akasema kwao hakuna kuvuna kabla ya kulimbua. Wali wa kwanza wa mpunga mpya kila mtu wa nyumba hupakuliwa sahani yake. Ya msafiri huliwa na mkewe, ya marehemu hupewa maskini. Mama alikuwa akimngoja Rehani, na huku ndege wanamaliza.

Jioni mavyaa alisema kwa kuwa nimekuja mimi, hapana haja ya kungoja zaidi. Wakakata masuke machache, wakayakaanga, wakatwanga na kupika. Sahani ya Rehani ikawekwa mbele yangu, inafuka moshi.

"Kula, Sada," mavyaa akasema. "Kula chakula cha mumeo."

Nilikata tonge, lakini mkono ulikataa kwenda kinywani. Miguu nayo haikutaka kukaa. Nikainuka na ile sahani, nikavuka uwanja hadi kwa Ausi, jirani kipofu asiye na ndugu, nikamwekea mikononi. Aliniuliza ni ya nani.

Nilipogeuka, Dija alikuwa analia. Mavyaa hakulia. Alikuja pale niliposimama, akanivua kombeo shingoni, nami nilikuwa nimesahau kuwa bado ninalo.

"Ingia ndani, mwanangu, ukae eda," akasema. "Ndege niachie mimi."