Hatua Thelathini na Nne

Daktari alikuwa na masharti yake, na lililowachosha wafanyakazi kuliko yote ni hili: hakutaka kuona uso wa mgonjwa mpya kabla hajasoma mwendo wake kwenye kadi. Kila aliyefika kwenye kliniki ile ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, awe anaumwa kiuno, awe na ganzi mkononi, awe na kichwa kisichompa usingizi, alipitishwa kwanza kwenye korido. Mita kumi kamili, utepe wa njano mwanzoni, utepe wa njano mwishoni. Mtu alienda, akageuka, akarudi. Hatua zikahesabiwa, muda ukapimwa, kadi ikaandikwa namba bila jina, ikapelekwa mezani kwa Daktari. Aliisoma akinywa chai ya saa tatu, akaandika pembeni anachodhani, ndipo mgonjwa akaitwa.

"Ukishamwona mtu usoni, umekwisha," alipenda kuwaambia wanafunzi wake wawili. "Utamwonea huruma, utamzoea, na macho yataanza kukudanganya. Kadi haina undugu."

Maneno hayo aliyasema kwa maringo kidogo, na tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Kwa kadi tupu aliwahi kugundua uvimbe kwenye uti wa mgongo wa mchomeleaji mmoja ambaye watu walikuwa wakimtibu goti mwaka mzima. Mchomeleaji huyo mpaka leo akipita karibu huingia kusalimia, na akisalimia jengo zima linajua.

Mwandishi wa kadi alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, saa ya kupimia mwendo ikining'inia shingoni mchana kutwa. Walimwita Bi Sekunde. Hakuna aliyekatiza korido ile akasalimika. Aliwapima wauza maji, aliwapima mafundi umeme, na siku alipokuja mkaguzi wa majengo alimpima pia, akamwambia aangalie kisigino chake cha kulia kabla hajaangalia ngazi za watu. Hakukusudia ubaya. Kidole gumba chake kilibonyeza saa chenyewe, kama wengine wanavyokuna kidevu.

Alhamisi moja, saa mbili na nusu asubuhi, mama yake Daktari aliingia mapokezini. Miadi yao ilikuwa saa sita mchana. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kimekazwa kichwani, na mkononi ameshika fungu la funguo za nyumba yake.

Mama huyu alikuwa na miaka sabini na miwili, na thelathini kati ya hiyo alikuwa mpeleka barua wa posta. Mji mzima aliujua kwa miguu. Alijua nyumba zenye mbwa wakali na zenye mbwa wenye makelele tu, na aliwahi kumkimbiza mwizi wa baiskeli mpaka mwizi akaitupa baiskeli, akaomba maji. Sasa, kwa miaka miwili, miguu ilikuwa imemgomea. Alitembea kwa vihatua vifupi, nyayo hazinyanyuki, kama mtu anayepita kwenye tope bichi. Alisahau sufuria jikoni. Na chooni, mambo ambayo mama hamwambii mwanawe wa kiume, alikuwa hawahi.

Mwanawe, mtoto wake wa pekee, bingwa wa vichwa vya watu, alikuwa na jibu moja tu kwa yote hayo. "Ni umri, mama."

Basi ikapangwa. Mwisho wa mwezi mama ahamie kwa Daktari, chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi, na nyumba yake apewe mpangaji. Siku hiyo ndiyo walikuwa waende kutia saini. Mama hakubisha hata neno moja. Mwanamke aliyebishana na mbwa miaka thelathini hakubisha, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake.

Kutoka mapokezi mpaka mlango wa Daktari hakuna njia nyingine ila korido. Bi Sekunde alikuwa amesimama ukutani akimsubiri mgonjwa wa kwanza. Mama akavuka utepe wa njano. Kidole gumba kikabonyeza. Mwisho wa korido mama alikuta mlango umefungwa, akageuka, akarudi kukaa mapokezini.

Saa tatu kamili, chai ikiwa mezani na mlango umefungwa, Daktari alichukua kadi za siku. Mbili za kwanza alizimaliza haraka. Ya tatu ikamfanya aweke kikombe chini.

"Hatua thelathini na nne!" akasema. "Mita kumi! Sekunde ishirini na tisa. Na kugeuka ametumia hatua tisa. Bi Sekunde, umeandika 'miguu imenata sakafuni'. Imenata kweli?"

"Imenata, Daktari."

"Magoti je?"

"Magoti mazima. Nguvu anazo. Ni kama miguu imesahau kazi."

Daktari akasimama. Macho yalikuwa yanang'aa, maana hakuna kitu alichokipenda duniani kama kadi nzuri. Akawageukia wanafunzi.

"Sikilizeni, hii hamtaiona kila wiki. Ndani ya ubongo kuna maji, kila mtu anayo. Mengine hutoka, mengine huingia. Sasa kuna wazee ambao maji yao hayatoki inavyotakiwa. Yanajaa taratibu, yanausukuma ubongo, bila maumivu, bila homa. Mtu anaanza kutembea hivi. Halafu anasahau. Halafu hawahi chooni. Na uzuri wake ni nini? Unamtolea maji kidogo kwa sindano kiunoni, unamtembeza tena. Akibadilika, unamwekea mrija chini ya ngozi uyashushe maji tumboni, na mtu anarudishiwa maisha yake! Bi Sekunde, huyu anasahau?"

"Alikuwa na miadi saa sita, amefika saa mbili na nusu."

"Mnaona! Na huko kwao wanamwambia nini? Nawaambia mimi, wanamwambia ni uzee. Ana watoto?"

"Anaye mmoja."

"Basi huyo mmoja ni bwege!" Daktari akapiga meza, chai ikamwagika kwenye sahani. "Anamwona mama yake anaburuza miguu miaka nenda rudi, anakaa kimya! Mtu huyo nataka nimwone. Nitampasulia ukweli mpaka ashike adabu."

Bi Sekunde aliangalia dirishani. Wanafunzi, waliomwona aliyepita koridoni, waliangalia viatu vyao.

"Hayuko mbali," akasema Bi Sekunde.

"Vizuri. Mwite mgonjwa kwanza."

Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia kwa vihatua vyake, funguo zikilia mkononi.

"Baba, umemaliza? Twende basi kwa yule mpangaji, tusimkalishe."

 Daktari aliangalia kadi, akamwangalia mama yake, akaangalia kadi tena kana kwamba ingebadilika. Joto lilimpanda kutoka kwenye kola mpaka masikioni. Wanafunzi walitamani sakafu ipasuke waingie. Alijiona mdogo kama kidonge.

"Mama," akasema, akivuta kiti. "Kaa. Kaa kwanza."

Baadaye, mama alipopelekwa kupigwa picha ya kichwa, Daktari alimkuta Bi Sekunde koridoni.

"Ulijua unachokifanya."

"Kupima nilipima kwa mazoea," akasema Bi Sekunde. "Kuiweka kwenye rundo lako, hapo nilikusudia. Tangu mwaka jana natafuta namna ya kukuambia. Nianzeje? Wewe ndiye bingwa. Nikaona kadi itasema bila kunitia matatani."

Daktari aliona haya, na zaidi ya haya aliona uchungu, kwa sababu alikumbuka kila mara aliposema "ni umri" huku akitazama saa.

Picha ikaonyesha vyumba vya maji ndani ya ubongo vimetanuka. Daktari akampigia simu Profesa, mwanamke aliyemfundisha kushika kisu, akamweleza kwa haraka haraka sindano atakayotumia, kiasi cha maji atakachotoa na saa atakayoanza. Profesa alimwacha amalize.

"Umesema yote?"

"Ndiyo."

"Sasa nisikilize. Huyo si mgonjwa wako. Wewe ni mtoto wa mgonjwa. Kesho nakuja mimi, na wewe utakaa kwenye benchi na ndugu wengine."

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Daktari alikaa kwenye benchi la kliniki yake mwenyewe, na alikuwa ndugu wa mgonjwa mbaya sana. Alisimama kila mlango ulipolia. Aliuliza maswali ambayo majibu yake aliyafundisha mwenyewe. Alimsumbua mhudumu wa mapokezi mpaka akaambiwa, kwa heshima zote, akanywe maji. Jambo lilikuwa wazi kwake kama mchana: maji yakitoka na mwendo ukabadilika, kuna upasuaji, kuna matumaini. Usipobadilika, mama anahamia chumba cha nyuma na nyumba inapata mpangaji. Kipimo hicho hakiwapi wote jibu zuri. Aliwahi kuwaambia ndugu wengi habari mbaya ya kipimo hicho, na hakuwahi kujua benchi lenyewe lilikuwa gumu kiasi gani.

Profesa alimtembeza mama kwanza: hatua thelathini na tano. Kisha akatoa maji kwa sindano, safi kama ya kisima, akamlaza apumzike. "Saa nane tutapima tena," akasema. "Mdogo wangu," mama akamjibu Profesa kwa upole, "nimelala miaka miwili."

Saa nane kasorobo Bi Sekunde alienda chumbani na saa yake. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa pembe kwa pembe.

Daktari alitoka kwenye benchi mbio. Walitafuta chooni, walitafuta ngazini, walimuuliza mlinzi wa getini. Daktari alikwisha kumwona mama yake ameanguka mahali, amevunja nyonga, na yote ni kwa sababu yake. Ndipo sauti ikasikika mwisho wa korido.

"Wewe ndiye wa chumba namba nne? Haya, shika. Na siku nyingine andikeni mlango wenu, namba imefutika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa mtaalamu wa mishipa, kifuani amekumbatia bahasha za majibu ya vipimo. Aliziona mapokezini zimerundikwa tangu asubuhi, hakuna anayezipeleka, na damu ikamchemka. Alikwisha kugawa vyumba vinane, ghorofa mbili.

"Mama!" Daktari akapiga kelele.

"Usinipigie kelele, niko kazini."

"Ameharibu kipimo!" Bi Sekunde naye akalalamika. "Ametembea jengo zima bila saa! Mama, tafadhali, rudi kwenye utepe uanze upya."

Mama akampa mwanawe bahasha zilizobaki, akarudi kwenye utepe wa njano, akaondoka. Nyayo zilinyanyuka. Kwa kweli zilinyanyuka, mtu aliweza kuona mwanga chini ya kiatu. Aligeuka kwa hatua nne, akarudi, akasimama mbele ya Profesa akiwa ameweka mkono kiunoni.

"Kumi na tisa," akasema Bi Sekunde, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Sekunde kumi na nne."

Wanafunzi walipiga makofi, wakasahau wako hospitalini. Mhudumu wa mapokezi alikuja kuuliza kuna nini, akapiga makofi pia kabla hajajibiwa.

"Yatajaa tena, mama," Profesa akamweleza. "Hii ya leo ni kionjo. Tukikuwekea mrija ndipo utatembea hivi siku zote, au karibu na hivi. Siahidi miaka ishirini iliyopita."

"Niahidi ya juzi, inanitosha," akasema mama. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe mpigie simu yule mpangaji. Mwambie nyumba ina mwenyewe."

Daktari alimshika mikono. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nakutazama bila kukuona."

"Na mimi nilikuamini, baba. Ulisema umri, nikasema basi, mwanangu anajua." Akazichukua tena bahasha zake. "Tusirudie tena, sote wawili."

Upasuaji aliufanya Profesa wiki iliyofuata, ukaenda vizuri, na tusimalizie wino kwenye mambo yaliyokwenda vizuri.

Jumapili moja, miezi mitatu baadaye, Daktari alifika nyumbani kwa mama yake bila taarifa. Akabisha hodi mpaka akachoka. Akapiga simu, akaisikia ikilia ndani, juu ya meza. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

"Mama yako? Ametoka tangu asubuhi."

"Ameenda wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Siku hizi haagi mtu."

Daktari alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa mtu wa kusubiriwa. Watu walifunga safari na kulala kwenye mabenchi kwa ajili yake. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Jua likahama, kivuli kikamwacha, yeye hakuhama. Mlango ulikuwa umefungwa, mama hayupo, na hakuna anayejua aliko. Hakuwahi katika maisha yake kufurahi namna ile.

"Nikuletee kiti?" jirani akauliza. "Maana huyo akitoka, anaweza kuchelewa."

"Mwache achelewe," akasema Daktari, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.